Gobore lenye baruti si tupu, hata sheria ikisema ni tupu

Leo tunaomba ruhusa ya msomaji tuache kidogo habari za ligi. Kulenga shabaha ni mchezo, na uwindaji wa burudani nao ni mchezo, hata kama hauna mabao wala msimamo. Tena neno tutakalolizungumzia mashabiki wa mpira mnalijua vizuri: fataki. Klabu za Afrika Kaskazini zimeshapigwa faini na CAF mara nyingi kwa sababu ya mashabiki kuwasha mafataki na fashifashi jukwaani. Fataki yetu ya leo ni kikofia kidogo cha shaba kinachotosha kwenye ncha ya kidole. Lakini katika baadhi ya majimbo ya Marekani, kikofia hicho ndicho kinachoamua kama mtu aliyepakia gobore kwenye gari anakwenda zake nyumbani au anaandikiwa kosa.

Tunaanzia Marekani kwa sababu kule gobore halijawa kitu cha makumbusho. Majimbo mengi yametenga msimu wake kabisa, wa kuwinda kulungu kwa bunduki inayoshindiliwa kwa mdomo wa mtutu. Minnesota, jimbo wanaloishi Wasomali na Wakenya wengi, msimu huo huanza mwishoni mwa Novemba na kwenda hadi katikati ya Desemba, kwenye baridi ya kuvunja mifupa. Pale ambapo watu maelfu wanatembea na magobore, lazima sheria iseme yasafirishwe vipi.

Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Bunduki ya kawaida kuiondolea risasi ni sekunde chache: unavuta, risasi inatoka, unaiweka mfukoni, mchezo umekwisha. Gobore halina adabu hiyo. Unamimina baruti kwa mdomo wa mtutu, unafuatisha risasi, unashindilia kwa mdeki mpaka vikae chini kabisa. Ukishashindilia, njia ya kutoka ni ile ile ya kuingilia. Ama ufyatue, ama uingize mdeki wenye skrubu uchokonoe risasi kutoka mtutuni, ama, kwa magobore ya kisasa, ufungue nyuma na kuisukuma. Mwindaji ambaye hajaona mnyama tangu alfajiri hataki kufyatua ardhini jioni. Atatimua wanyama wa pori zima, na mtutu uliochafuliwa na moshi wa baruti atausafisha nusu usiku.

Sheria za kule zikaona ugumu huo, zikatafuta njia ya kati. Minnesota inasema gobore la fataki ni tupu kama halina fataki mahali pake. La gumegume ni tupu kama hakuna baruti kwenye kile kisahani kinachopokea cheche za jiwe. Wameyafikiria hata ya siku hizi yanayowashwa kwa umeme: betri itolewe. New York nayo inafuata njia hiyo hiyo kwa fataki na kisahani. Kwa maneno mengine, baruti na risasi vinaweza kuwa vimelala ndani ya mtutu, gari linakwenda, na kisheria bunduki hiyo ni tupu.

Tusiidharau kanuni hii. Ni fupi, na askari wa wanyamapori anaweza kuikagua kwa tochi barabarani bila kubishana na mtu. Mwindaji naye hawezi kusema hakuelewa. Sheria nyingi za michezo zinatamani kuwa na uwazi wa namna hiyo, na hapa msituanzishie habari ya mpira wa mkono ndani ya boksi.

Hata hivyo, gobore hilo si tupu. Kwa miaka mingi Kanuni ya Nne ya soka imemkatalia mchezaji kufunika pete kwa plasta, ikamtaka aivue. Refa hakuambiwa aangalie kama pete inaonekana, aliambiwa asiiruhusu iingie uwanjani. Kutoa fataki na kuacha baruti mtutuni ni plasta juu ya pete.

Hatari yenyewe si lazima itokee garini. Hutokea kesho yake. Gobore limelala limeshindiliwa, mwenyewe amesahau, au amemwazima shemeji. Asubuhi mtu anamimina baruti nyingine juu ya ile ya jana, anaongeza risasi ya pili, anaweka fataki, anafyatua. Mtutu unaweza kupasuka, na uso wake uko karibu nao kuliko uso wa kulungu. Wawindaji makini huchora alama mbili kwenye mdeki: moja inaonyesha unapofika mtutu ukiwa mtupu, nyingine ukiwa umeshindiliwa. Ukiutumbukiza tu unajua. Ni kazi ya kisu na dakika moja.

Kosa la pili ni la wajuaji. Sheria ya bunduki ya Marekani ya mwaka 1968 inazitoa bunduki zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake, na magobore mengi ya baruti nyeusi hata yaliyotengenezwa jana, kwenye maana yake ya silaha. Wapo wanaosoma hapo na kufunga kitabu, wakidhani wanaweza kulitupa gobore nyuma ya pikapu kama jembe. Kumbe ile ni sheria ya serikali kuu. Sheria ya uwindaji ni ya jimbo, na kwa jimbo gobore ni bunduki. Ukivuka mpaka unaikuta kanuni nyingine. Kwa ndege nako kuna lake. Gobore tupu linakubaliwa kwenye mzigo wa chini, ndani ya kasha gumu lililofungwa kwa kufuli na kutangazwa kaunta. Baruti nyeusi na fataki haziruhusiwi, si kwenye mzigo wa chini wala wa mkononi. Hizo unanunua huko uendako.

Sasa turudi nyumbani, maana gobore si mgeni kwetu. Mafundi wa vijijini wanalitengeneza, na polisi wanapotoa muda wa kusalimisha silaha kwa hiari huwa hayakosekani mezani. Kenya ilifunga uwindaji wa burudani mwaka 1977, kwa hiyo kwao mjadala ni mfupi. Tanzania bado tunawinda kwa vibali. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na kukutwa na silaha ndani ya hifadhi ya taifa bila kibali ni kosa hata kama hujaua sungura. Hapa hatumtetei jangili wala mwenye gobore la kificho. Huyo njia yake ni kituo cha polisi, akalisalimishe.

Tunayemsemea ni mwenye karatasi zake, na zaidi yake yule dereva wa bodaboda anayempakia. Tumeshaona pikipiki moja, watu watatu, gobore limesimamishwa katikati na mtutu unamtazama dereva kisogoni. Ukiuliza, unajibiwa: "Ana kibali huyo." Sawa, anacho. Je, limeshindiliwa? Fataki iko mahali pake? Tuta moja la barabarani, nyundo ikigonga fataki, kibali hakizuii kitu.

Kwa hiyo ombi letu kwa Polisi, TAWA na vyama vya wawindaji ni dogo. Kwenye mafunzo na kwenye karatasi ya kibali yaandikwe maneno yanayosomeka: kabla ya kupanda chombo chochote, iwe gari, pikipiki au mtumbwi, fataki itoke, baruti na risasi vitoke, gobore lifungwe kwenye mfuko wake, na fataki zisafiri kwenye kopo tofauti na baruti. Anayekagua asiishie kusoma jina na tarehe. Aombe mdeki, autumbukize mtutuni, aangalie alama.

Na wewe dereva wa boda unayesoma hapa ukisubiri abiria, una haki ya kumwambia mzee ashuke kwanza alitoe.