Anayekataa kufuatiliwa si lazima awe mlevi

"Akitoka kituo cha kutibu uraibu, mwekee programu ya kumfuatilia kwenye simu. Akikataa, jua bado anakunywa." Rai hii utaisikia kwenye matatu ya Njoro na nje ya kanisa baada ya ibada, na watu wenye akili timamu huitamka kana kwamba ni amri ya kumi na moja. Naipinga.

Sina ugomvi na hofu ya wazazi. Aliyeuza ng'ombe Molo kulipia miezi mitatu ya matibabu ana haki ya kukosa usingizi. Lakini hebu tutazame kifaa chenyewe. GPS ya simu, hata mbingu zikiwa wazi, hukosea kwa mita kadhaa. Sasa ingia ploti ya mabati kule Kaptembwo au Rhonda, mjini Nakuru, vyumba vimepangana na ukuta kati yao ni mmoja. Chumba cha tatu anakaa dada ya kijana, amebandika githeri. Cha nne kunauzwa chang'aa. Nukta kwenye ramani itakuambia kijana yuko chumba kipi? Mama anaiona, anapiga simu kwa ukali, na kijana aliyekuwa akisubiri chakula anajifunza kwamba aache asiache, matusi ni yale yale. Siku nyingine ataiacha simu kwa dada na kwenda zake. Na hata asipotoka, kuna bodaboda wa kumletea pombe.

Wanasema anayekataa ana la kuficha. Ndiyo, analo, na wengi wana sababu. Kutumia dawa za kulevya Kenya ni kosa la jinai chini ya sheria ya dawa za kulevya ya 1994. Ndiyo maana watafiti walipotaka kuchukua alama za vidole katika utafiti wa Ukimwi, makundi yaliyolengwa, wakiwemo wanaojidunga dawa, yaligoma. Yalihofia kwamba taarifa hizo zingeishia mikononi mwa polisi. Shirika la KELIN lilieleza kisa hicho katika ripoti ya 2018, na mpango wa alama za vidole ukawekwa kando. Aliyewahi kukimbizwa na askari vichochoroni Bondeni hahitaji kuwa mlevi ili aogope kufuatiliwa.

Je, basi waraibu hawataki teknolojia? Hapo ndipo imani hii ya kumfuatilia kijana inapoporomoka kabisa. Nchini Marekani, David Gustafson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin na wenzake waliwafuata wagonjwa 349 wa uraibu wa pombe waliokuwa wakitoka vituoni. Baadhi yao walipewa simu yenye programu inayotambua mahali walipo. Tofauti ni hii: mgonjwa mwenyewe ndiye aliyeorodhesha baa zilizokuwa zikimponza. Akikaribia mojawapo, simu ilimtahadharisha yeye, na kulikuwa na kitufe cha kuomba msaada. Matokeo yalichapishwa 2014. Waliokuwa na programu walikuwa na wastani wa siku 1.39 za unywaji wa hatari katika siku 30. Wasiokuwa nayo, 2.75. GPS ni ile ile. Kilichobadilika ni nani anayeishika kamba.

Tena sheria yetu ya kulinda data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti, na inataka ridhaa iwe ya hiari. Ridhaa inayotolewa mlangoni mwa kituo, huku baba akishika funguo za gari na kusema "kubali au ubaki humu," ni ya hiari gani?

Mzazi unayesoma haya, kabla ya kuweka chochote kwenye simu ya mwanao, muulize ni kona gani ya mji inayomsumbua, na akizidiwa usiku wa manane angependa kumpigia nani. Kama jibu si wewe, kubali na uchukue namba ya huyo mtu. Na kama hana mtu, namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, hupigwa bure.