Kadi Mbovu au Tundu Bovu?

Hakuna neno litamkwalo kwa wepesi katika vyumba vya kompyuta vya shule kama neno "mbovu". Kadi ya nyongeza, iwe ya sauti, ya picha au ya mawasiliano, huchomekwa katika tundu lake kwenye ubao mama, kompyuta huwashwa, kadi haionekani. Papo hapo hukumu hutolewa, na kadi hutupwa katika boksi la vyuma chakavu. Siku ya pili mwanafunzi mtundu huiokota, akaichomeka katika tundu la jirani, nayo ikafanya kazi kana kwamba haikupata kuugua. Basi hukumu hugeuzwa: kumbe mbovu si kadi, ni tundu! Hukumu hii ya pili nayo imetolewa kwa haraka ileile ya kwanza.

Yafaa kikumbukwe kisa cha kompyuta ya IBM PC XT iliyotolewa mwaka 1983. Ubao wake ulikuwa na matundu 8, na mtu aliyeyatazama matundu yenyewe asingeona sababu ya kuyatofautisha. Hata hivyo, tundu la 8, lililokuwa karibu zaidi na kisanduku cha umeme, lilikuwa na sharti lake. Kadi iliyokaa humo ilitakiwa, kila ilipoitwa, kutoa ishara katika mguso maalumu ili kuujulisha ubao kwamba ni yenyewe iliyochaguliwa. Isipofanya hivyo, ubao haukulisoma jibu lake. Kadi nyingi hazikutengenezwa kutoa ishara hiyo. Kwa hiyo kadi nzima, katika tundu zima, ilinyamaza kimya. Si kadi wala tundu lililokuwa na ila. Kilichokosekana ni mapatano baina yao.

Mapatano ya namna hiyo yanatakiwa hata leo. Katika mtindo wa PCI Express, tundu refu lina migusano 164 na fupi kabisa lina 36, lakini urefu wa tundu si ushahidi wa njia zilizounganishwa ndani yake: mara nyingi tundu refu la pili la ubao huwa limeungwa njia 4 tu badala ya 16. Aidha, zipo bao ambazo ukichomeka diski mpya ya M.2, tundu fulani hunyang'anywa njia zake na kuzimika, kama kitabu cha ubao kinavyoeleza. Aliyetia diski Jumatatu, akaja kulalamika Ijumaa kwamba tundu limekufa, hana wa kumlaumu.

Njia ya kuupata ukweli ni ileile inayofundishwa katika darasa la fizikia, ila husahauliwa mlango wa maabara ukifungwa: badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Kadi mbili na matundu mawili hutoa majaribio manne, wala hayapungui. Kadi ya kwanza ikikataa tundu la kwanza na kulikubali la pili, bado halijathibitika lolote juu ya tundu. Na itiwe humo kadi ya pili. Nayo ikikataa, tundu lishukiwe: vumbi, mguso uliopinda, au tundu lililozimwa katika mipangilio ya kompyuta. Ikikubali, basi ugomvi ni wa kadi ile na tundu lile, na kitabu cha ubao hakina budi kufunguliwa. Hapa pana mtego mmoja. Kadi fupi ikiwekwa katika tundu refu hugusa sehemu ya mwanzo tu. Kufaulu kwake hakushuhudii lolote juu ya migusano iliyobaki.

Tena, jaribio la kwanza lirudiwe mwishoni. Kuchomoa na kuchomeka kwenyewe husugua migusano, na kadi iliyokataa asubuhi huweza kukubali jioni kwa sababu hiyo tu. Katika miji ya pwani, ambako hewa ya chumvi hula vyuma, jambo hili si la kudharauliwa. Na kabla ya yote hayo, waya wa umeme uchomolewe ukutani. Kompyuta za mtindo wa ATX huendelea kupitisha volti 5 katika ubao hata zinapoonekana zimezimwa.

Wako watakaosema kwamba huku ni kupoteza vipindi, na kwamba kununua kadi mpya ni nafuu. Hoja hiyo haina nguvu. Kadi mpya ya aina ileile ikitiwa katika tundu lilelile lisilopatana nayo itanyamaza kama ya kwanza, na shule itakuwa imelipa mara mbili kwa kosa moja. Isitoshe, mwanafunzi aliyeyajaza majibu manne katika jedwali lake ameuona kwa macho yake udhibiti wa jaribio, jambo ambalo wengi hulikariri kwa ajili ya mtihani bila ya kulitumia hata mara moja.

Kwa hiyo mwalimu mwenye chumba cha kompyuta angefanya vema kulifuta neno "mbovu" katika vibandiko vyake, na mahali pake yaandikwe yaliyoonekana: tarehe, ubao gani, tundu la ngapi lilikataa na la ngapi lilikubali. Kadi iliyoandikwa "imekataa tundu la 1, imekubali la 3" bado ina mahali pa kufanyia kazi.