Kukosa raba kusimnyime mtoto michezo

Ndugu mzazi, huenda mwanao amewahi kurudi nyumbani na ujumbe kutoka shuleni: wanaotaka kuingia kwenye timu walete raba, bukta, soksi na pesa ya jezi. Ukapiga hesabu ya unga, mafuta na kodi ya chumba, kisha ukamwambia, "Mwanangu, mwaka huu achana na mpira, kazana na masomo." Hakubisha. Siku ya michezo alikaa chini ya mwembe akilinda mabegi ya wenzake.

Safu hii ni ya afya, na mtoto huyo anatuhusu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kila mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa angalau dakika 60 za mazoezi kwa siku, na angalau siku tatu kwa wiki afanye yale yanayoimarisha misuli na mifupa, kama kukimbia na kuruka. Mazoezi hayo huimarisha moyo, husaidia kuzuia unene uliopitiliza na hupunguza msongo wa mawazo. Mifupa anayoijenga sasa ndiyo atakayoitegemea uzeeni.

Utasema, "Mwanangu anatembea kwenda shule na anachota maji, anahitaji mazoezi gani tena?" Ni kweli, kutembea ni mazoezi, na kuna watoto wanaofikisha dakika hizo kabla ya kengele ya kwanza. Lakini mjini wengi hupanda daladala, na viwanja tulivyochezea chandimu sisi vimeshajengwa nyumba. Kwa mtoto wa familia isiyo na uwezo, uwanja wa shule mara nyingi ndio pekee uliobaki. Isitoshe, ndoo ya maji haimpi marafiki, wala haimfundishi kushindwa bila kugombana.

Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za msingi na sekondari za serikali hadi kidato cha nne. Hata hivyo, jezi, viatu na nauli ya kwenda kwenye mechi bado vinaweza kumwangukia mzazi. Nayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja kucheza na kupumzika kuwa haki ya mtoto. Haki haiwezi kusubiri mshahara wa mwisho wa mwezi.

Msimamo wetu ni huu: raba isiwe tiketi ya kuingia uwanjani. Timu za UMITASHUMTA na UMISSETA ni za wachache wenye vipaji, lakini kipindi cha michezo kilichopo kwenye ratiba ni cha wote. Kuruka kamba, rede, mbio za kupokezana vijiti na kuvuta kamba havihitaji jezi. Pale jezi inapohitajika, iwe mali ya shule, ivaliwe, ifuliwe na kurudishwa. Viatu vilivyowabana wakubwa vikusanywe sanduku moja kwa ajili ya wadogo. Na kipindi cha michezo kisigeuzwe cha masomo ya ziada kwa sababu mtihani unakaribia.

Nawe mzazi una sehemu yako. Mtoto asiende mazoezini na njaa; hata kikombe cha uji kinasaidia. Apate maji ya kunywa, hasa jua likiwa kali. Kama watoto wanacheza peku, uwanja uokotwe vioo na misumari kwanza. Akichomwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, kisha mpeleke kituo cha afya akaangaliwe kama anahitaji chanjo ya pepopunda.

Binti asikose michezo kwa sababu yuko kwenye siku zake. Anachohitaji ni taulo ya kike na choo chenye maji.

Mwenye pumu au selimundu naye asifungiwe ndani kwa woga. Muulize daktari kiasi gani kinamfaa, kisha mweleze mwalimu. Wa pumu awe na dawa yake ya kuvuta karibu. Wa selimundu anywe maji mara kwa mara, apumzike anapochoka na asilowe akapatwa na baridi. Lakini mtoto yeyote akizimia au akibanwa na kifua wakati wa mazoezi, asirudi uwanjani kabla ya kupimwa hospitali.

Wazazi wengi hunyamaza kikaoni kwa kuona aibu kusema hawana. Usione aibu. Huenda aliyekaa benchi moja nawe ana mtoto chini ya mwembe uleule. Kikao kijacho nyoosha mkono umuulize mwalimu wa michezo swali moja: mtoto asiye na raba hapa shuleni anacheza lini? Usiketi mpaka upate jibu.