Redio ya gari ikikoroma, tusikimbilie kuchanga



Wiki hii tunajibu ulizo la wamama wa likelemba moja, wanaopanga gari pamoja kwenda kuleta bidhaa upande wa Kalima. Redio ya gari hilo inakoroma tu. Muuzaji mmoja amewaambia dawa yake ni redio "ya dijitali", na wao wako karibu kutoa pesa ya sanduku. Tunawaomba wangoje kidogo.

Redio njiani si mchezo. Februari 2025, Bukavu ilipochukuliwa na M23, wengi wetu tulikuwa na ndugu kule, na habari iliyosikika nusu ilizaa uvumi mzima. Ukisikia jina la barabara na neno "imefungwa", bila kusikia siku wala mahali, utarudisha mihogo nyumbani ioze bure. Sisi walimu tunakumbuka pia 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya Korona: Radio Okapi na Unicef walipitisha masomo hewani. Mtoto ambaye redio ya kwao ilikoroma, somo lilimpita.

Sasa hiyo dijitali. Sokoni kwetu neno hilo mara nyingi ni kioo chenye namba zinazowaka, basi. Ndani ni FM ileile. Redio ya dijitali yenyewe ina mitambo yake ya kurusha, kama kule Norway, ambako vituo vikubwa vya taifa viliacha FM mwaka 2017. Vituo tunavyosikiliza hapa Kindu viko kwa FM. Ukilipia dijitali hapa, umelipia taa.

Kwanza mwulizeni shofa gari limetoka wapi. Kama limetoka Japani na redio yake ya kwanza, tazameni namba. FM ya kule inaanza 76, na redio nyingi za zamani zinaishia 90. Yetu inaanza 87.5 mpaka 108. Radio Okapi ya Kinshasa, kwa mfano, iko 103.5: redio ya namna hiyo haiifikii hata ukiegesha chini ya mnara. Hapo hakuna antena itakayosaidia. Fundi anaweza kuweka kifaa kidogo cha kubadilisha masafa kati ya antena na redio, au kuweka redio nyingine ya kawaida, hata iliyotumika, mradi ifike 108.

Kama namba ni nzuri, simamisheni gari mahali pa wazi, shikeni redio ndogo ya mkono kando yake, kwa kituo kilekile. Ndogo ikisema vizuri na ya gari ikikoroma, ugonjwa uko ndani ya gari. Chomoeni kwanza chaja ya simu. Nyingine zinapiga kelele kuliko mtoto mwenye njaa. Kelele ikipanda kila shofa anapokanyaga mafuta, inatoka kwa mota.

Halafu antena. Fimbo iliyovunjika na kubaki kidole haikamati kitu. Kwa FM, urefu wa karibu sentimita 75 unafaa sana. Barabara zetu zinalegeza ule mdomo wa waya nyuma ya redio, ausukume mpaka mwisho. Chini ya fimbo, pale inaposhika bodi, kutu inakata njia: msasa kidogo, kaza tena. Na kama antena iko ndani ya kioo, mara nyingi kuna kikuza-mawimbi chake kinachohitaji umeme kutoka kwa redio, mara nyingi kwa waya wa buluu. Mafundi wengi wakibadilisha redio wanauacha ukining'inia. Kazi hizi zote hazifikii bei ya redio mpya.

Nyumbani ni hivyohivyo: nyosheni antena, sogezeni redio karibu na dirisha, mbali na chaja na vyombo vya sola. Chini ya mabati, katikati ya nyumba, ndipo mahali pabaya kabisa.

Lakini redio zote mbili zikikoroma pamoja, ya mkono na ya gari, fundi hana kosa. Mawimbi ya FM yanakwenda karibu kama mwanga wa tochi, kilima kinayaziba na umbali unayamaliza. Wamama wa Kalima, sikilizeni habari kabla ya kutoka mjini, kisha mtafute kituo cha karibu na kule mnakofika.