Mlinzi Langoni na Heshima ya Mkazi wa Ijara

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika baadhi ya malango ya Kaskazini Mashariki mwa Kenya, methali hiyo imepinduliwa; mwenyeji ndiye anayefanywa mgeni. Chukua mfano wa mzee wa Masalani, katika eneo la Ijara, anayefika kwenye lango la afisi iliyo mtaani mwake. Mlinzi wa kampuni ya kibinafsi, aliyeletwa kutoka mbali, haitikii salamu. Anamwita "waryaa", anamwamuru atoe kitambulisho, kisha anamwacha juani huku wengine wakipita. Hakuna kofi lililopigwa, ila mzee amevunjiwa heshima.

Wapo watakaodai kuwa hilo ni jambo dogo. La hasha! Katika Kisomali, "waryaa" ni wito wa kijana au wa mwanamume wa rika moja na msemaji. Mzee huitwa "adeer", yaani ami. Mlinzi ameokota neno na kuiacha adabu yake. Tena, kitambulisho si kadi tu katika eneo hili. Jimbo hili lilitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari tangu miaka ya 1960 hadi 1991. Mwaka 1989 serikali ilianzisha uchujaji wa Wakenya wenye asili ya Kisomali, na mwaka 2014 maelfu ya watu walikamatwa katika msako jijini Nairobi na wengi wao kuzuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Kwa hiyo, amri ya "toa kitambulisho" ikitamkwa kwa ukali humwuliza mzee swali jingine: je, wewe ni raia?

Lugha yenyewe inafichua kiini cha tatizo. Kiswahili kina "bawabu", mtunza mlango, na "mlinzi", nomino itokanayo na kitenzi "linda". Hata hivyo, wengi humwita mtu huyu "askari", neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya mwanajeshi. Anayeitwa askari kila siku hatimaye hujiona askari, na mkazi aliyepaswa kulindwa hugeuka mshukiwa.

Haki inadai upande wa pili nao usikilizwe. Kazi ya lango ni ya hatari. Katika shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa, na walinzi wa chuo walikuwa miongoni mwao. Aghalabu mlinzi hukesha kwa ujira mdogo, bila silaha, katika mji ambao lugha yake haijui. Ukaguzi basi ni wa lazima, na Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi wa Kibinafsi ya mwaka 2016 inamruhusu kumtaka anayeingia ajitambulishe. Lakini ruhusa ya kukagua si ruhusa ya kudhalilisha. Kifungu cha 28 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuheshimiwa utu wake.

Zaidi ya hayo, dharau hudhoofisha ulinzi wenyewe. Mkazi ndiye anayeutambua uso mgeni mtaani na gari lisilo la kawaida. Aliyetukanwa langoni jana hatakuja kunong'ona habari leo.

Yafaa, basi, mafunzo ya walinzi yasiishie kwenye gwaride na rungu. Wafunzwe maamkizi, namna ya kuomba na namna ya kukataa kwa staha, pamoja na maneno machache ya lugha ya wenyeji. Kampuni nazo ziajiri vijana wa Ijara, wawe Wasomali au Waboni, wanaowajua wazee wao. Vyama vya Kiswahili vyuoni vina nafasi hapa: kuandaa kijitabu cha mazungumzo ya langoni ni isimujamii iliyotoka darasani kwenda kumfaa mwananchi.

Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Mlinzi aliye na maneno hayo hulinda lango, na humlinda pia mwenye kulipitia.