Siku ya mama anayefundisha wenzake ihesabiwe kwenye ngokela



Leo siandiki habari za mbolea wala dawa ya chulebuni. Nataka tuongee kuhusu watu wanaoifanya kazi yangu bila kulipwa, na karibu wote ni wanawake. Wapo kila kitongoji. Wengine tunawaita wakulima wawezeshaji, wengine hawana hata jina hilo, wanaitwa tu "yule mama anayejua mambo ya miche" au "yule mama wa maharage". Kama umewahi kuelekezwa na jirani yako namna ya kung'oa maotea kwenye kahawa, au kuchagua maharage ya mbegu kabla hujayapeleka yote sokoni, basi unawajua.

Tuseme ukweli, milima yetu hii siimalizi. Pikipiki ambazo maafisa ugani wa nchi nzima tulianza kupewa mwaka 2022 zimesaidia sana, lakini pikipiki nayo ina mahali inapoishia. Mvua ikinyesha, njia nyingine unateremka unaikokota. Hata ukifika, unakutana na watu siku moja, unasema maneno mengi, halafu unaondoka. Chukulia mifuko ya kinga njaa. Nikiwa mkutanoni nasema kwamba ule mfuko una matabaka matatu, na kila tabaka linafungwa peke yake. Watu wanaitikia vizuri kabisa. Ukienda nyumbani kwao unakuta wamekusanya midomo yote mitatu na kufunga kamba moja, na dumuzi ndani wanaendelea na maisha yao. Anayekuja kuwanyoosha ni mama jirani, anayepita jioni akiwa ametoka mashineni, anaingia stoo, anafungua, anakunja tabaka la kwanza, analifunga, anasema "sasa fanya wewe nikuone". Hapo ndipo elimu inapoingia.

Kuna sababu nyingine, na hii inatuhusu sisi watu wa ugani. Kwenye ngoro kila mtu ana kazi yake, na mila hiyo mnaijua kuliko mimi. Mwanaume anafyeka nyasi, zikikauka anazipanga miraba miraba shamba zima. Mwanamke ndiye anayeshika jembe: anachimba udongo katikati ya mraba na kuzifunika zile nyasi, linabaki shimo la kukamata maji, na juu ya matuta anapanda maharage. Sasa tukiitisha mafunzo ya maharage, barua inakwenda kwa mkuu wa kaya. Anakuja baba, anakaa mbele, anasikiliza nafasi na kina cha kupandia. Atakayepanda yuko nyumbani anapika au yuko kisimani. Baba akirudi anasimulia alichokumbuka, kama amekumbuka. Mama aliyefundishwa akimfundisha mama mwenzake, ile safari ndefu ya maneno inakatwa. Anauliza hata yale ambayo asingeniuliza mimi mbele ya shemeji zake.

Kwa hiyo wanawake kujitolea kufundishana si jambo la kubembelezwa liwepo. Lipo, linafanya kazi, na mimi ninalitegemea. Ninachotaka kusema ni kwamba tunalila bila kulilipia, na lina bei.

Bei yake inaonekana mwezi wa tatu. Mnajua ngoro haisubiri. Nyasi zinafyekwa mvua za masika zikiwa zinaelekea ukingoni, maharage yanatakiwa yaingie ardhini mapema ili yapate unyevu wa kutosha kabla mvua hazijakata mwezi wa tano. Ukichelewa wiki mbili, yatachanua kwenye ukavu. Na huo mwezi wa tatu ndio kila mtu anamhitaji mama mwezeshaji: huyu anataka aonyeshwe nafasi, yule anataka amtazamie mbegu, kijiji kinataka aje kwenye mkutano, na mgeni kutoka wilayani anataka kuona kikundi. Mama anakwenda kote huko. Jembe lake liko nyuma ya mlango.

Namkumbuka mama mmoja, mjane, sitasema ni wa kitongoji gani. Alizunguka kwa majirani karibu msimu mzima wa kupanda. Majirani walivuna vizuri, na walisema wazi kwamba ni yeye aliyewasaidia. Yeye mwenyewe alipanda wa mwisho. Alipata maharage ya kula, ya kuuza hakupata. Na kwa kaya ambayo pesa ya kahawa inakuja mara moja kwa mwaka, maharage ya mwezi wa saba ndiyo daftari la mtoto, ndiyo chumvi na sabuni. Mwaka uliofuata alipoitwa tena alisema ana shida nyumbani. Watu wakasema amekuwa mvivu, eti amelewa sifa. Jamani.

Zawadi zake alikuwa nazo. Fulana ya mradi fulani iliyokwisha kuchuja, cheti kilichobandikwa ukutani kwa gundi ya ugali, na makofi mengi ya mkutanoni. Sidharau cheti. Lakini cheti hakipaliliwi.

Na kuna madhara mengine tusiyoyaona haraka. Kama kufundisha kunakula siku zako na hazirudi, atakayeweza kufundisha ni yule mwenye uwezo wa kuweka kibarua shambani kwake. Ndiyo maana kila tukisema "chagueni wawezeshaji", yanarudi majina yale yale: mke wa kiongozi, mwenye duka, mwenye kahawa nyingi. Sina ugomvi nao, wengi wanajituma kweli. Lakini mama mwenye nusu eka na watoto wadogo anamwangalia huyo mwalimu anasema moyoni, "huyo ana mbolea, ana watu, mimi siwezi". Angefundishwa na mwenye nusu eka mwenzake angeamini. Yule mwenye nusu eka ndiye anayejua namna ya kugawa mfuko mmoja wa mbolea kwa mahindi na miche ya kahawa, kwa sababu yeye hanunui wa pili.

Wengine walishaliona hili. Marehemu Profesa Wangari Maathai, alipoanzisha kazi ya kupanda miti na akina mama wa Kenya mwaka 1977, hawakuambiwa wapande kwa mapenzi ya nchi peke yake. Kila mche wao ulioshika na kuendelea kuishi walilipwa kitu kidogo. Kidogo, lakini kilihesabiwa, na kililipwa kwa mche ulio hai, siyo kwa kuhudhuria semina. Kule Unguja kuna akina mama wa vijijini, baadhi yao hawakusoma, waliojifunza kufunga na kutengeneza umeme wa jua. Kaya zinazopata umeme huchangia kila mwezi, na fundi anapata chake. Hata wahudumu wa afya ngazi ya jamii hapa nchini, ambao kwa miaka mingi wengi walifanya kazi kwa kujitolea na kwa posho za miradi, mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwatambua na kuwalipa posho.

Sasa najua mtasema: bwana shamba, sisi hiyo pesa ya kumlipa mwezeshaji tutaitoa wapi? Hatutaitoa popote. Tunacho kitu cha zamani kuliko pesa.

Wamatengo wana ngokela. Leo tunalima kwako, kesho kwangu, keshokutwa kwa mwingine, mpaka mzunguko unaisha. Wanawake wanaitumia zaidi kwenye kuchimba ngoro, maana kazi ile ya peke yako inavunja mgongo na moyo. Hakuna anayekuja kwenye ngokela kwa hisani. Kila mmoja anajua nani amekwisha kulimiwa na nani bado, hata bila kuandika. Ukikosa siku yako unatuma mtu.

Pendekezo langu ni moja tu: siku ambayo mama anafundisha wenzake iwe ni siku ya jembe. Akitumia asubuhi nzima kwako kukuonyesha upandaji, amekulimia. Wewe unamdai nini? Yeye ndiye anayekudai asubuhi moja ya kuchimba ngoro zake. Kama amewafundisha akina mama wanane kwa pamoja shamba darasa, wote wanane wanamdai shambani siku moja, na siku hiyo mama huyo anamaliza kazi ambayo peke yake ingemchukua zaidi ya wiki.

Nimelizungumza hili kwenye vikundi viwili vitatu na nimepata majibu mawili yanayofaa kujibiwa.

La kwanza, mama mmoja mtu mzima aliniambia msaada ukishahesabiwa siyo msaada tena. Nilimheshimu sana kwa neno hilo, kwa sababu najua anavyosaidia wagonjwa na wafiwa kupitia jumuiya na WAWATA bila kuandika popote. Lakini kumpelekea mfiwa kuni ni jambo moja, na kumfanya mtu mmoja kuwa mwalimu wa kitongoji msimu hadi msimu ni jambo lingine. La kwanza linatupata sote kwa zamu, leo kwake kesho kwangu, Mungu ndiye anayepanga. La pili tumelibebesha mtu mmoja na hakuna zamu. Ngokela yenyewe inahesabiwa tangu enzi za mabibi zetu na hakuna aliyesema imepoteza utu.

La pili lilitoka kwa akina baba: kwamba wanawake watapata kisingizio cha kuzunguka. Hapa sina maneno mengi. Baba anayelalamika mke wake anazunguka kufundisha, ahesabu magunia kwanza. Halafu kuna kazi yao wenyewe kwenye mpango huu. Mwezeshaji akiwa mjane, kabla ya jembe kuna panga. Nani atamfyekea na kumpangia nyasi? Kuchimba hakuwezi kuanza kabla ya hapo. Wanaume ambao wake zao wamefundishwa na mama huyo wanamdai kufyeka. Siku moja ya wanaume sita inatosha kwa shamba la kawaida. Tusipoweka hilo, tutakuwa tumemlipa mjane deni ambalo hawezi kulichukua.

Kuhusu kuandika, vikundi vingi mnavyo VICOBA tayari. Mna sanduku la kufuli tatu, mna katibu, mna daftari la hisa. Ongezeni ukurasa mmoja: tarehe, nani amefundisha, nani wamefundishwa, siku wanayodaiwa, imelipwa au bado. Asiyeweza kwenda na jembe kwa ujauzito au ugonjwa atume mtu, au mfuko wa jamii umlipie kibarua kisha aurudishie baada ya mavuno. Faini iwe ile ile ya kuchelewa kikao, msitunge sheria mpya mpaka mkagombana.

Ukurasa huo una faida nyingine. Majina ya kahawa kwenye AMCOS mara nyingi ni ya baba, na hata usajili wa mbolea ya ruzuku kaya nyingi iko kwa jina lake. Mama anaweza kufanya kazi miaka kumi na asiwe na karatasi hata moja inayosema yeye ni mkulima. Kikundi kikienda halmashauri kuomba ile mikopo ya asilimia 10, ambayo 4 ni ya wanawake, daftari lenye kuonyesha kazi iliyofanyika linaongea kuliko barua ya utambulisho. Siahidi kwamba mtapewa. Nasema tu ofisini watu wanapenda kuona karatasi.

Wazee wanakumbuka kwamba siyo mara ya kwanza mila kufufuliwa kwa kazi mpya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, watu wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na Wajapani walipofanya kazi Kindimba na Kitanda, walikuta sengu, ule utaratibu wa zamani wa ukoo kula pamoja na kushauriana. Kamati ya mashine ya kusaga kwa nguvu ya maji pale Kindimba ilichukua jina hilo hilo, Sengu. Kama sengu iliweza kuendesha mashine, ngokela haiwezi kushindwa na somo la maharage.

Upande wangu nao unatakiwa kubadilika. Nimepanga kuanzia msimu huu: mwezi wa tatu na wa nne hakuna mkutano wa wawezeshaji wala mgeni wa kutembelea kikundi. Masomo ya maharage tutayafanya mwezi wa pili, nyasi zikiwa bado zimesimama. Uvunaji wa kahawa, kuchuma nyekundu tupu na kuanika kwenye vichanja, tutafundishana mwezi wa tano. Kinga njaa mwezi wa saba. Kupogoa na kung'oa maotea baada ya mavuno ya kahawa kuisha. Na barua za mafunzo ya maharage na mbegu zitaandikwa kwa jina la mama wa kaya. Baba akitaka kuja naye, nafasi ipo, aje na kiti chake.

Vikundi vitakavyokubali kujaribu, mniletee daftari kabla ya kufyeka kuanza, tupange pamoja nani anadaiwa siku ipi. Tuanze na wajane.