Mgongo wa begi



Likizo kubwa ilipokaribia, binti yangu wa miaka 12 alikuja na habari kwamba vijana wa parokia wataenda kambi kwa mguu, siku mbili njiani, kila mtu na vitu vyake. Nikamtafutia begi la mgongoni kwenye mitumba. Nilipata moja kubwa, jepesi, bei nzuri. Likiwa tupu unaweza kulikunja kama kitambaa cha kufutia meza, na mimi nilidhani hiyo ndiyo sifa yake.

Tukapakia. Mablanketi mawili, kwa sababu mnajua usiku wa kiangazi hapa Kolwezi unavyouma. Sufuria, unga wa bukari, bidoni ndogo ya maji. Ile musi nyembamba ya kulalia tukaiviringa na kuifunga kwa nje, chini kabisa. Mtoto akatembea hatua kumi uani. Musi inampiga nyuma ya magoti, begi limeshuka mpaka matakoni, na yeye ameinama kama bibi wa miaka 80. Badala ya kutazama begi nikamtazama yeye: "Simama wima, acha uvivu!"

"Mama, si mimi. Ni begi."

Nilipoinua blauzi yake nikakuta alama nyekundu mahali mkono wa sufuria ulipokuwa unamchoma. Nikaona haya. Mwalimu mzima, na diploma yangu ya ISP, nimemgombeza mtoto kwa kosa la begi.

Aliyetuokoa ni jirani yangu, yaya mmoja aliyelea watoto saba. Alisimama mlangoni akacheka. "We, mtoto mchanga ungemfunga hivyo mgongoni?" Sote tunalijua jambo hilo. Mtoto aliyefungwa juu, kikwembe kimekazwa, humsikii uzito. Akilala na kuteremka, kilo zake ni zile zile lakini kiuno kinakufa. Mabegi mengine ya safari yana vyuma ndani vinavyoshikilia mzigo ukae juu, karibu na mwili. Hili letu halikuwa na kitu. Lilikuwa mfuko tu, na mfuko hufuata umbo la kilichomo.

Tukatoa vyote, tukaanza upya, na mara hii musi ikaingia kwanza. Iliyokuwa mzigo ikawa mgongo wa begi.

Kuna namna mbili. Ya kwanza ni kuikunja bapa, mara tatu au nne kufuata upana wa begi, na kuisimamisha upande unaogusa mgongo. Ya pili ni kuiviringa kama bomba, kuitumbukiza ndani ya begi, kisha kuiachia ifunguke yenyewe mpaka iguse kuta zote, na vitu vinaingia katikati. Bomba linasimama vizuri zaidi, ila lazima lijazwe na kubanwa, likiwa nusu tupu linabonyea. Sisi tulichagua kukunja, kwa sababu ya ile sufuria. Mablanketi tukaweka chini, unga na maji katikati karibu na musi, sufuria upande wa nje, nguo zikijaza nafasi. Halafu yaya akashona kipande cha kikwembe kilichokunjwa mara tatu kiwe mkanda wa kufunga juu ya mifupa ya nyonga. Mkanda huo bila musi haufai kitu, kwa sababu begi laini linaukalia na kujikunja. Begi likiwa na mgongo, uzito unashuka mpaka nyongani na mabega yanapumua.

Si kila musi inafaa. Ile laini ya godoro ukiibonyeza kwa kidole gumba inalala kabisa, na mvua inainywa yote. Tafuta ile ngumu kidogo, kama soli ya sandali, ambayo maji hayaingii. Na usiidai kazi ya chuma. Hata mtu mzima akizidisha kilo 10 hivi, nayo inaanza kupinda.

Baadaye nilisoma kwamba hata watu wenye pesa za kununua vyuma wanafanya hivyo. Katika miaka ya 1990 Mmarekani mmoja, Ray Jardine, aliyekuwa akitembea na mke wake Jenny ile njia ya milimani inayotoka mpaka wa Meksiko hadi mpaka wa Kanada, aliandika kuwashauri watembeaji waache mabegi mazito na washone yao mepesi yasiyo na vyuma. Wengi waliomfuata wanatumia musi ya kulalia kuwa mgongo wa begi. Yaya aliposikia hayo akasema kwamba basi hata yeye angeandika kitabu. Na kweli, kata tunayoweka kichwani chini ya ndoo ni ndugu ya musi hiyo. Haipunguzi hata gramu moja, kazi yake ni kuukalisha mzigo. Mwaka 1986 watafiti walichapisha matokeo ya kuwapima wanawake wa Kenya, Waluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda wa paji la uso. Waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili wao bila kutumia nguvu zaidi ya mtu anayetembea mikono mitupu. Lakini hao ni wanawake wazima waliozoea tangu utotoni. Kwa watoto wa shule, serikali ya India mwaka 2020 iliweka kipimo cha asilimia 10. Mtoto wa kilo 30, begi la kilo 3. La binti yangu la masomo, tulipolitundika kwenye mizani ya muuza samaki, lilikuwa na kilo 5. Tulitoa kaye za masomo ambayo siku hiyo hayakuwepo, kisha nikakata kipande cha musi na kukisimamisha ndani.

Nilieleza haya yote kwenye mkutano wetu, nikaonyesha na begi. Wamama walipoondoka, mmoja alibaki. Akauliza polepole: "Madamu, musi hiyo naweza kuishona kwenye kamba za rafia? Mtoto anapobeba Jumamosi, mabega yanachubuka."

Nilijua anabeba nini. Ripoti ya Amnesty International ya Januari 2016 iliandika kwamba watoto kwenye migodi yetu ya kuchimba kwa mkono hubeba kilo 20 hadi 40. Sheria ya 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inakataza kazi ya namna hiyo. Mtoto wake ni wa darasa la tano. Nilimjibu kwamba kwa mzigo ule musi itaficha kidonda tu, na uti wa mgongo utaendelea kuumia chini yake.

"Nimeelewa, Madamu. Na bukari ya Jumapili?"

Jibu la hilo sikuwa nalo mkononi. Nilimpeleka kwa mama mweka hazina. Zamu yake ya likelemba ilikuwa ya mwezi wa 11. Mama aliyekuwa wa kwanza alifikiri siku mbili, akakubali wabadilishane. Pesa hiyo ameanzia biashara ya makala mbele ya nyumba. Sijui itamfikisha wapi.

Jumamosi iliyopita mtoto alikuwa kwangu, anarudia hesabu za sehemu. Begi lake ni mfuko wa unga, mama yake ameutia kamba mbili. Nilimpima kuanzia mfupa wa shingo mpaka nyongani, sentimita 38, na musi niliyoibakiza ilitosha.